Jinsi ya Kuutembelea Mji wa Konstanz, Kando ya Ziwa Bodensee

Wageni wengi wanaofika Konstanz hushuka kwenye treni, hupiga picha bandarini, hula aiskrimu, na jioni ileile wanaondoka. Mji wenyewe wanakuwa hawajauona. Konstanz uko kusini kabisa mwa Ujerumani, pale Mto Rhine unapotoka katika Ziwa Bodensee, na umeshikana na mji wa Kreuzlingen wa Uswisi kiasi kwamba unaweza kuvuka mpaka bila kugundua. Kuanzia 1414 hadi 1418 mji huu mdogo ulibeba mzigo wa Ulaya nzima. Mapapa watatu walikuwa wakigombea kiti kimoja, na Mtaguso wa Konstanz, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, uliitishwa kuumaliza ugomvi huo. Ukiijua habari ya Mtaguso kabla ya kufika, kila mtaa utakuwa na la kukueleza. Usipoijua, utaona nyumba nzuri na maji, basi.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kwenda. Hapa ndipo Jan Hus, padri na mwalimu kutoka Prague, alipochomwa moto akiwa hai tarehe 6 Julai 1415. Waliofuata mafundisho yake walianzisha Unitas Fratrum, yaani Umoja wa Ndugu, huko Bohemia (sehemu ya Cheki ya leo) mwaka 1457, na hilo ndilo Kanisa la Moravian. Wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891, na leo hakuna nchi yenye Wamoravian wengi kuliko Tanzania. Watu wa Mbeya na Tabora wamelisikia jina la Hus tangu shule ya Jumapili, ila wachache wanajua kwamba mahali alipofia panafikika kwa miguu kutoka stesheni ya treni. Nimewafikiria hao kwanza, lakini asiye Mmoravian naye atapata chake.

Hatua ya 1: Chagua majira, na tenga usiku usiopungua miwili

Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi ninayoipendekeza. Hali ya hewa ni nzuri, meli zinatembea, na msongamano si wa kukera. Julai na Agosti kuna joto na maji yanaogeleka, lakini vyumba ni adimu na bei ziko juu. Novemba hadi Januari ukungu hulifunika ziwa siku nyingi, na unaweza kukaa siku tatu bila kuuona ng'ambo. Anayekuja kwa ajili ya historia tu anaweza kuvumilia ukungu. Anayetaka kuona milima ya Alps asije wakati huo.

Mmoravian anayeweza kupanga likizo yake alenge tarehe 6 Julai, siku ya kumbukumbu ya Hus. Hata akiwa peke yake pale, siku yenyewe ina uzito.

Siku moja haitoshi. Siku ya kwanza ni ya mji, ya pili ni ya kisiwa cha Reichenau. Ukipata ya tatu, vuka ziwa.

Hatua ya 2: Viza na karatasi zake

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, isipokuwa kama tayari ana hati ya ukaazi ya nchi mojawapo ya Schengen. Viza ya muda mfupi inakuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15. Usisubiri hizo siku 15, kwa sababu miadi ya ubalozini ndiyo inayochelewesha watu.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Uwanja mkubwa wa ndege ulio karibu zaidi na Konstanz ni wa Zürich, yaani Uswisi, na mtu hujiuliza aombe viza ubalozi gani. Kinachoangaliwa ni nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukilala Konstanz na kuzunguka Ujerumani, omba ubalozi wa Ujerumani hata kama ndege inatua Zürich. Uswisi nayo imo ndani ya Schengen, kwa hiyo viza hiyohiyo inatosha, hata ikiwa ni ya kuingia mara moja. Kuvuka kwenda Kreuzlingen kunywa kahawa hakuhesabiwi kuwa umetoka. Pasipoti tu usiiache chumbani, maana askari wa mpakani wana haki ya kukusimamisha pande zote mbili.

Hatua ya 3: Kufika

Kutoka uwanja wa ndege wa Zürich kuna treni ya moja kwa moja hadi Konstanz inayochukua zaidi kidogo ya saa moja. Stesheni iko chini ya uwanja wenyewe. Fuata alama, nunua tiketi kwenye mashine, panda. Mwisho wa safari utapita kwenye korido ya forodha. Kama huna cha kutangaza, endelea kutembea.

Ukitua Frankfurt, hesabu saa nne na zaidi, na mara nyingi kuna kubadilisha treni. Ukipata nafasi, pitia Offenburg upande njia ya reli ya Msitu Mweusi. Ilikamilika mwaka 1873, na inapanda milimani kwa kupinda na kuingia kwenye mahandaki, moja baada ya jingine, hadi unapoteza hesabu. Safari inakuwa ndefu kidogo, lakini ukitokea kule juu na kuanza kushuka kuelekea ziwani, hutajuta.

Ukishuka Konstanz, tazama mnara wa stesheni. Stesheni ilijengwa mwaka 1863, na mnara wake uliigizwa kutoka jumba la serikali la Florence, Italia. Njia za biashara za mji huu zilielekea Italia tangu zamani, jambo utakaloliona tena baada ya dakika tano.

Hatua ya 4: Malazi na pesa

Lala upande wa Ujerumani. Kreuzlingen ni hatua chache tu, lakini bei zake ni za Uswisi na ni za faranga. Ukipata chumba mji wa kale, utafanya karibu kila kitu kwa miguu. Mtaa wa Petershausen, ng'ambo ya daraja la Rhine, una bei nafuu kidogo na bado ni karibu. Wenye bajeti ndogo waulizie hosteli ya vijana huko Allmannsdorf, iliyowekwa ndani ya mnara wa zamani wa maji.

Mgeni anayelala hapa hulipa ushuru mdogo wa utalii kwa kila usiku na hupewa kadi ya mgeni. Idai mapokezi, na uulize inakufaa kwenye mabasi gani. Beba pia euro taslimu, kwa kuwa mikahawa midogo na vyoo vya umma havipokei kadi kila mahali. Maduka hufungwa Jumapili, kwa hiyo chakula cha Jumapili kinunuliwe Jumamosi, na mapema, kwa sababu Jumamosi Waswisi huvuka kwa wingi kufuata bei za Ujerumani na foleni hufika mbali. Makumbusho nayo mengi hayafunguliwi Jumatatu. Chupa za plastiki za vinywaji zina amana ya senti 25, ambayo unarudishiwa kwenye mashine za supamaketi.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, anzia bandarini

Toka hotelini saa mbili asubuhi kabla makundi hayajafika, na uende moja kwa moja bandarini. Utaona sanamu kubwa ya mwanamke ikizunguka polepole mwishoni mwa gati. Anaitwa Imperia. Ana urefu wa mita 9 na uzito wa tani 18, na humaliza mzunguko mmoja kwa kama dakika 4. Kila kiganja chake kimebeba kizee kidogo kilicho uchi, kimoja kimevaa taji ya kipapa, kingine taji ya mfalme. Mchongaji Peter Lenk aliisimamisha mwaka 1993, na mabishano yalikuwa makali, kwa sababu mwanamke huyo ni kahaba. Alitolewa kwenye hadithi ya Balzac, mwandishi Mfaransa, kuhusu wakati wa Mtaguso. Imperia wa kweli aliishi Italia na hakuwa amezaliwa wakati wa Mtaguso. Lenk mwenyewe alisema vile vizee si papa na mfalme, ni wachekeshaji waliojivika mataji yasiyo yao. Mkiwa na wazee wa kanisa kwenye msafara, waelezeni mapema, kwani sanamu haina aibu. Mimi naiona ni mwanzo mzuri. Inakueleza kwamba mji huu umekaa na historia yake miaka 600 na bado unabishana nayo.

Nyuma yako, jengo kubwa lenye paa refu la mteremko ndilo linaloitwa Konzil. Lilianza kujengwa mwaka 1388 kama ghala la wafanyabiashara, waliopeleka kitani ng'ambo ya Alps hadi Italia. Hakukuwa na ukumbi mwingine wa kutosha, ndiyo maana Novemba 1417 wapiga kura 53, makardinali 23 na wajumbe 30 wa mataifa matano, walifungiwa humu kumchagua papa mmoja atakayekubaliwa na wote. Walimaliza kwa siku tatu. Tarehe 11 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martin, alichaguliwa Oddo Colonna, naye akajiita Martin V. Huo ndio uchaguzi pekee wa papa kwa wapiga kura kufungiwa ndani uliofanyika katika ardhi ya Ujerumani ya leo. Siku hizi ndani kuna mgahawa na kumbi za mikutano, na ukikuta mlango wazi, chungulia uone nguzo nene za mbao zinazobeba sakafu za juu.

Pita chini ya reli uingie uwanja wa Marktstätte. Kwenye chemchemi ya Kaiserbrunnen kuna tausi wa shaba mwenye vichwa vitatu, kila kichwa kimevaa taji ya kipapa. Sasa unajua vichwa vitatu ni vya nani. Mmoja alikuwa na kiti Roma, mwingine alitoka katika ukoo wa mapapa wa Avignon, Ufaransa, na wa tatu, Yohane XXIII wa kundi la Pisa, Italia (si papa wa karne ya 20 mwenye jina hilo), ndiye aliyekuja Konstanz mwenyewe. Alipoona mambo yanamgeukia, alitoroka tarehe 20 Machi 1415 akiwa amejibadilisha mavazi. Alikamatwa.

Hatua ya 6: Saa moja ndani ya Rosgartenmuseum

Makumbusho haya yamo katika nyumba ya kale ya chama cha wachinjaji nyama, na yalianzishwa mwaka 1870. Ukiwa na muda wa makumbusho moja tu Konstanz, ingia haya. Humu kuna nakala ya mkono ya karne ya 15 ya masimulizi ya Ulrich Richental, mkazi wa mji aliyeushuhudia Mtaguso kwa macho yake. Alikuwa mtu wa kuangalia bei sokoni, vitanda vilivyojaa, na chakula kilichouzwa barabarani. Katika picha moja waokaji wanasukuma tanuru dogo lenye magurudumu. Moto unawaka ndani, mikate iliyosokotwa imetundikwa kwenye fito, na wateja wamesimama wakingoja. Mji wa watu elfu chache ulifurika maaskofu, wafalme, makarani, wapiga tarumbeta na farasi, na wote walitaka kula. Mtu yeyote wa mjini Afrika Mashariki atawatambua waokaji wale mara moja.

Hatua ya 7: Kumfuata Jan Hus hadi jiweni

Hapa ndipo ninapokuomba usiharakishe.

Hus alifika Konstanz tarehe 3 Novemba 1414 akiwa ameahidiwa barua ya ulinzi na Mfalme Sigismund wa Ujerumani. Alihubiri kwamba Maandiko yako juu ya amri za papa, na alishambulia uuzaji wa msamaha wa dhambi. Aliamini atapewa nafasi ya kujitetea kwa hoja. Tarehe 28 Novemba alikamatwa, barua ya ulinzi isimsaidie. Alifungwa katika monasteri ya Wadominiko iliyo kwenye kisiwa kidogo kando ya mji wa kale. Leo jengo hilo ni hoteli ya kifahari, na unaweza kulitazama ukivuka kidaraja chake. Baadaye alihamishiwa ngome ya Gottlieben, kilomita chache kufuata mto, upande ambao sasa ni Uswisi. Ngome ni mali ya mtu binafsi, itazame kwa nje. Yohane XXIII alipokamatwa naye alifungwa Gottlieben, kwa hiyo yule aliyewahi kuwa papa na yule aliyeitwa mzushi walilindwa na kuta zilezile.

Kutoka Rosgartenmuseum tembea hadi Obermarkt, kisha ushike mtaa wa Hussenstraße, uliopewa jina lake. Karibu na mwisho wake kuna Hus-Haus, nyumba ya kumbukumbu iliyonunuliwa na Wacheki mwaka 1923. Ni ndogo, lakini imetunzwa kwa mapenzi. Mbele yake ni Schnetztor, lango la zamani la mji.

Pita lango uingie mtaa unaoitwa Paradies, ufuate vibao vya Hussenstein. Utatembea kati ya nyumba za kawaida kabisa, baiskeli zimeegemezwa uani, hadi ulione jiwe kubwa jeusi limezungukwa na majani. Liliwekwa mwaka 1862. Upande mmoja limeandikwa jina la Hus, upande wa pili jina la Hieronymus wa Prague, rafiki yake aliyechomwa mwaka uliofuata, tarehe 30 Mei 1416. Siku ile ya Julai Hus alihukumiwa ndani ya kanisa kuu, akavuliwa mavazi ya upadri, akavikwa kofia ndefu ya karatasi iliyochorwa mashetani watatu, na akaongozwa hadi viunga hivi. Baada ya moto, majivu yake yalitupwa Mto Rhine ili wafuasi wake wasipate hata kipande cha kuhifadhi.

Kaa hapo. Hakuna tiketi wala mlinzi. Wamoravian waliokwenda kwa kikundi wanaweza kuimba wimbo mmoja kwa sauti ya chini, mradi wakumbuke kwamba watu wanaishi pale. Mkatoliki naye asijisikie mgeni kwenye jiwe hilo, kwa kuwa Desemba 1999 Papa Yohane Paulo II alitamka hadharani majuto yake makubwa kwa kifo cha kikatili cha Hus.

Hatua ya 8: Rudi kwa njia ya mto, umalizie kanisa kuu

Kutoka jiweni shuka hadi ukingo wa Rhine, ugeukie kulia na ufuate maji hadi mnara wa Rheintorturm, sehemu iliyobaki ya ngome za mji. Hapo kwenye daraja ndipo kilomita za Rhine zinapoanzia kuhesabiwa, kutoka sifuri hadi baharini Uholanzi.

Nyuma ya mnara kuna Niederburg, mtaa wa kale kuliko yote. Vichochoro vyake ni vyembamba, na nyumba nyingi zina majina yake na miaka yake ukutani. Haya yote yamesalimika kwa sababu ya ujirani. Husimuliwa kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Kreuzlingen ya Uswisi iliacha taa zikiwaka usiku, na Konstanz nayo haikuzima zake, hivyo marubani hawakuweza kutofautisha upi ni mji wa adui. Friedrichshafen, ng'ambo ya ziwa, ilibomolewa kwa mabomu.

Usidhani kwa hilo kwamba vita havikuugusa mji. Sinagogi lake liliharibiwa Novemba 1938, na tarehe 22 Oktoba 1940 Wayahudi wa Konstanz walisafirishwa kwa nguvu hadi kambi ya Gurs, Ufaransa. Ukitembea angalia chini, utakuta vibamba vidogo vya shaba vimepachikwa njiani mbele ya nyumba walizoishi. Simama usome jina.

Kanisa kuu, Münster, linasimama juu ya ngome ya Waroma, na masalia yake yanaonekana chini ya piramidi ya kioo uwanjani. Humu ndimo vikao vya Mtaguso vilifanyika. Wengi huishia kwenye ukumbi mkuu. Wewe tafuta njia ya kwenda kwenye kikanisa cha mviringo cha Mtakatifu Mauritius, kilichojengwa na Askofu Konrad karne ya 10 kwa kuiga kaburi la Yesu Yerusalemu. Mauritius, kwa mapokeo ya Kanisa, alikuwa askari kutoka Thebes, Misri. Katikati kuna kaburi takatifu la mawe la kama mwaka 1260, lenye vijisanamu vinavyolizunguka, na kimojawapo ni cha mganga anayechanganya dawa za kupaka mwili wa Yesu. Kisha shuka chini ya altare uone duara za shaba zilizopakwa dhahabu. Kubwa kuliko zote, yenye Kristo ameketi enzini, ina miaka 1,000 hivi. Ukiwa na miguu mizuri, malizia kwa kupanda mnara.

Hatua ya 9: Kula

Vyakula vya kwenu hutavikosa sana ukijua cha kuagiza. Jaribu Dünnele, mkate mwembamba uliookwa na vitu juu yake, na Spätzle, tambi fupi za mayai. Waislamu waangalie Maultaschen, kwa kuwa ndani yake kwa kawaida kuna nyama ya nguruwe. Migahawa ya Kituruki ni mingi na halali inapatikana. Ng'ambo ya daraja kuna msikiti wa Mevlana, wenye mnara.

Kuhusu samaki, menyu zitakuvuta kwa Felchen, samaki maarufu wa ziwa hili. Ujue kwamba uvuvi wake ulisimamishwa kwa miaka mitatu kuanzia 2024 kwa sababu idadi yake ilikuwa imeporomoka. Maji yamekuwa na virutubisho vichache kuliko zamani, na viumbe vigeni, kome wa quagga na kisamaki chenye miiba, vimeharibu mambo. Uliza samaki katoka wapi. Mhudumu mwaminifu atakwambia.

Hatua ya 10: Siku ya pili, Reichenau

Kisiwa cha Mainau ndicho kinachotangazwa zaidi. Ni hekta 45 za bustani, jumba la karne ya 18, na maua kweli ya kupendeza, hasa tulipu za masika na dahlia za Septemba. Lakini kiingilio ni kikubwa, na mitende na migomba iliyotunzwa kwenye vyungu si jambo geni kwa mtu aliyetoka Tanga. Ukilazimika kuchagua, nenda Reichenau.

Panda treni hadi kituo cha Reichenau kilicho bara, kisha basi linalopita kwenye barabara iliyojengwa juu ya maji mwaka 1838, yenye miti mirefu pande zote. Pirmin alianzisha monasteri hapa mwaka 724, na tangu 2000 kisiwa kizima ni Urithi wa Dunia. Makanisa ni matatu. Anza na Mtakatifu Georg, lile la kwanza njiani. Kuta zake zina michoro ya zaidi ya miaka 1,000 ya miujiza ya Yesu: kutuliza dhoruba, kumponya kipofu, kumfufua Lazaro. Pumzi na unyevu wa wageni huidhuru, ndiyo sababu miezi ya joto unaingia na mwongozaji tu. Hakikisha saa za ziara kabla hujatoka hotelini. Chini zaidi tafuta mchoro wa karne ya 14 wa mashetani wanne wameivuta ngozi ya ng'ombe huku na huku, wakiandika juu yake porojo za wanawake kanisani.

Katikati ya kisiwa kuna kanisa la Mittelzell, linalotunza masalia yaliyoletwa mwaka 830 kama ya Mwinjili Marko, yule ambaye Wakristo wa Misri wanamhesabu mwanzilishi wa kanisa la Aleksandria. Pembeni ni bustani ya mitishamba, iliyopandwa kwa kufuata shairi la Walahfrid Strabo, abate wa karne ya 9 aliyeelezea kila mmea na dawa yake. Sehemu kubwa ya kisiwa iliyobaki ni mashamba ya mboga. Nunua matango na nyanya kwenye vibanda vya wakulima uendelee na safari.

Hatua ya 11: Ukiwa na siku ya tatu

Njia ya kwanza ni Meersburg, kwa ngome yake. Basi namba 1 linakufikisha Staad, na kivuko cha magari kinavuka kwa kama dakika 15, mchana na usiku, mwaka mzima. Njia ya pili ni boti ya kasi hadi Friedrichshafen, chini ya saa moja, kwenye makumbusho ya Zeppelin, vyombo vikubwa vya angani vilivyojazwa gesi. Hapa Mtanzania ana habari yake. Graf Zeppelin, aliyevibuni vyombo hivyo, alizaliwa Konstanz mwaka 1838, kwenye kisiwa kilekile alikofungwa Hus. Novemba 1917 chombo cha aina yake, L59, kiliruka kutoka Bulgaria kikiwa na tani 15 hivi za dawa na risasi za kumpelekea von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliyekuwa akipigana katika ardhi yetu. Kingefika kingevunjwa, na turubai lake kushonwa mahema. Kiligeuzwa kwa redio kikiwa juu ya Sudan, kikarudi baada ya saa 95 angani na zaidi ya kilomita 6,700.

Kama ni joto na unataka maji tu, nenda ufuko wa Hörnle, usio na kiingilio. Angalia taa za machungwa ukingoni: zikimulika mara 40 kwa dakika, upepo mkali unakuja, zikifika mara 90, ni dhoruba, toka majini mara moja. Ziwa hili huchafuka ghafla.

Hatua ya 12: Kuondoka

Asiyeishi Umoja wa Ulaya anaweza kudai arudishiwe kodi ya mauzo kwa bidhaa alizonunua kwa zaidi ya euro 50 dukani, akiomba fomu wakati wa kulipa. Ukirudi kupitia Zürich, usisubiri uwanja wa ndege, kwa kuwa Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya na mpaka wa forodha unauvuka hapohapo Konstanz. Peleka bidhaa, risiti, fomu na pasipoti kwenye ofisi ya forodha ya Ujerumani na upigiwe muhuri kabla ya kupanda treni. Fika na angalau saa moja mkononi, na Jumamosi ongeza.